Nilipeleka hela, nikaambiwa nina haraka

Glory yuko form three sasa, na jana usiku akiwa na madaftari yake ya bukukipingi mezani akaniuliza, "Mama, mtu akilipa deni kabla ya muda, anapunguziwa au anaongezewa?" Baba yake akaguna tu akaendelea na mpira wake. Mimi nikamwambia andika anapunguziwa, hilo ndilo jibu la kitabu, halafu nikarudi kwenye masufuria yangu na moyo umeshaharibika, maana nilijikuta niko tena kwenye ile ofisi ya ghorofani Sokoine Road, Desemba ile, na bahasha nimeibana kwapani.

Mnaikumbuka ile Noah yangu nyeupe, ya abiria wa Namanga. Ile iliyokuwa inaleta hesabu vizuri kabisa mpaka dereva wa kwanza alipoamua ghafla kwamba wito wake ni kulima vitunguu. Niliichukua kwa mkopo wa kampuni moja ya pale mjini, siwataji. Mimi nikatoa advansi, wao wakaweka milioni 12, miezi 24, riba asilimia 3 kwa mwezi, na riba yenyewe ni ile inayopigwa kwenye hela yote ya mwanzo, deni lipungue lisipungue yenyewe iko palepale. Kwa hiyo kila mwezi laki tano ya deni na laki tatu na sitini ya riba, rejesho 860,000. Kadi ya gari ina majina mawili, lao na langu, na kadi yenyewe wanakaa nayo wao, funguo ya pili wanayo wao, na chini ya dashibodi wamefunga GPS, yani gari ikilala Namanga wao wanajua kabla yangu.

Na mkataba niliusoma. Nasema mapema kwa sababu kila nikisimulia hii stori kuna mtu lazima aseme "ungesoma mkataba dada". Niliusoma wote, na kiingereza chake, na nilipofika kwenye habari ya kufunga mkopo mapema nikamuuliza yule kijana wa mauzo, akacheka vizuri tu akasema mama hiyo usiwe na wasiwasi, ukija mapema unapunguziwa. Kwenye karatasi ilikuwa imeandikwa kwamba punguzo lolote litakuwa kwa hiari ya mkopeshaji. Nikamwonyesha kwa kidole. Akasema hiyo ni lugha ya mawakili tu.

Basi Desemba tukavunja kikoba, mgao ukawa mzuri kuliko nilivyotegemea, nikajumlisha na hela ya mahindi, nikapata milioni sita na laki mbili. Deni lenyewe bila riba lilikuwa limebaki milioni tano. Nikaona hapa namaliza, nabaki na chenji, na Krismasi nakwenda Machame na gari ambalo ni langu.

Kabla sijaenda nikampigia mdogo wangu wa Coventry, maana yeye alishapita huko. Gari lake alilichukua kwa mkopo wa kulipa kidogokidogo, halafu masaa ya kazi yakapunguzwa kule ghalani kwao, akaona hawezi. Akaniambia Uingereza wana sheria ya mwaka 1974 ya mikopo ya wateja, na kwenye mikataba ya aina ile, kama malipo yako yamefika nusu ya bei yote, riba na ada zikiwa ndani, unawaandikia, unawarudishia gari, mmeachana. Kama hujafika nusu unajazia ifike. Ila gari uwe umelitunza. Na ukishalipa theluthi moja hawawezi kuja kulibeba bila mahakama. Na kama unataka kulipa lote ubaki na gari, unaomba kwa maandishi wakupe hesabu ya kufungia, wana siku 7 za kazi za kukujibu, na ile riba ya miezi ambayo haijafika inapunguzwa kwa kanuni, haitegemei huruma ya mtu. Hata huko mtego upo lakini. Yule mtu wa kampuni ya mkopo kwenye simu alitaka kumwandika kwamba analirudisha gari kwa sababu ameshindwa, na ukikubali kuandikwa hivyo unaweza kudaiwa salio lote, ile nusu inakuwa haikusaidii tena. Akakataa, akaandika barua na vifungu vyake, cha 99 na cha 100. Sauti aliyonitumia WhatsApp ilikuwa ndefu kama mahubiri ya Ijumaa Kuu.

Nikamwambia mdogo wangu, hiyo sheria yenu haishuki KIA. Akasema najua dada, lakini usiende kuongea, nenda kuandika.

Sasa ile ofisi. Ilikuwa ile wiki ambayo nusu ya Arusha iko barabarani kwenda Moshi, kwa hiyo pale ndani tulikuwa wachache, mimi, mzee mmoja kwenye benchi na kofia yake ya pama magotini, na dada wa mikopo nyuma ya meza. Msichana mzuri tu, ana adabu, shikamoo mama, karibu mama. Nikamwambia nimekuja kufunga. Akafurahi, kweli alifurahi, akavuta kalkuleta, ile kubwa ya dukani yenye vitufe vinavyolia, akaanza kubonyeza kwa ncha ya kalamu kwa sababu kucha zake zilikuwa ndefu. Alibonyeza muda. Halafu akaigeuza ile kalkuleta taratibu, akaisukuma mpaka mbele yangu, hakutamka kitu, akaniacha nisome mwenyewe.

9,030,000.

Nikamwambia dada hii umekosea. Akasema hapana mama, ndiyo ya kufunga leo. Marejesho 10 yaliyobaki, 860,000 mara 10, milioni nane na laki sita, jumlisha asilimia 5 ya kufunga kabla ya muda, laki nne na thelathini.

"Kwa hiyo nikilipa pole pole mpaka Oktoba ni milioni nane na laki sita?"

"Ndiyo mama."

"Na nikikupa zote leo, taslimu, ni milioni tisa na elfu thelathini?"

"Ndiyo. Hiyo ya juu ni faini."

"Faini ya nini?"

"Ya kulipa kabla, mama. Una haraka."

Alisema vile bila ubaya wowote, ndio kilichonimaliza. Nimejiandaa kwa mtu mkali, nakutana na binti anayeniangalia kwa huruma kama mimi ndiye sielewi hesabu. Nikabaki naiangalia ile namba. Nje kwenye lami bodaboda wanapiga honi, feni juu inazunguka inagonga kitu fulani kila ikimaliza duara, na mimi mdomo mkavu.

Yule mzee akakohoa. "Mjukuu wangu, samahani. Hiyo riba ya Januari mpaka Oktoba unayomdai huyu mama. Hela yenu hiyo miezi itakuwa wapi?"

Binti akasema itakuwa hapa ofisini mzee, si ameshairudisha.

"Mtaifungia kabatini?"

"Hapana mzee, tutamkopesha mwingine."

"Bure?"

Hakujibu. Kalkuleta ikajizima yenyewe, zile za jua na betri zinavyofanya ukiziacha, na ile milioni tisa ikapotea kwenye kioo. Akaivuta, akabonyeza, ikaja sifuri. Akaanza upya kuandika 860,000, akafika katikati akasimama, kalamu iko hewani. Mzee akavaa kofia yake kama mtu aliyemaliza kipindi. Baadaye nilijua alifundisha hesabu shule za msingi za Meru huko mpaka akastaafu, na pale alikuwa anafuatilia barua ya kumaliza deni la bajaji ya mwanae, barua yenyewe haitoki.

Nikaomba karatasi. Nikaandika palepale mezani kwake, kwa mkono, naomba mchanganuo wa maandishi, deni halisi ni kiasi gani, riba ni ya miezi ipi, faini inatoka kifungu gani. Chini nikaweka nakala kwa Benki Kuu, tawi la Arusha. Hilo la nakala sikulitoa Coventry, nililitoa kikoba, kwa sababu sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 ilipokuja hata sisi akina mama na sanduku letu tuliambiwa tujisajili, na kwenye semina yule bwana alitueleza kwamba hawa wakopeshaji wa maofisini leseni wanapewa na Benki Kuu, na kuna kanuni za 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, unatakiwa uelezwe gharama kabla hujasaini, na ukiwa na lalamiko unaanza kwa mkopeshaji mwenyewe, ukikwama unapanda kwa Benki Kuu. Wenzangu walisinzia siku ile. Mimi nilikuwa nasubiri soda, nikasikia.

Nikamwomba binti anigongee muhuri kwenye nakala yangu kwamba wamepokea. Akasema muhuri uko kwa meneja. Nikasema nasubiri. Kwa meneja kulikuwa na mlango wa kioo na leseni kwenye fremu ukutani, aliingia na barua yangu akakaa huko mpaka mzee akaanza kunisimulia habari za kahawa. Alirudi na muhuri umegongwa, kidogo umepinda, na adabu imeongezeka.

Mengine yalikwenda haraka. Kabla mwezi haujaisha wakanipigia, meneja mwenyewe, Krismasi njema mama, wamekaa wakaangalia. Milioni tano ya deni, riba ya miezi mitatu, na ile asilimia 5 wameipiga kwenye deni tu, laki mbili na nusu. Jumla 6,330,000. Nikamuuliza miezi mitatu imetoka wapi, kwa nini isiwe mmoja au sita, akasema hiyo ni busara ya ofisi. Nilipungukiwa laki na thelathini, mwenyekiti wa kikoba akanirushia kwenye simu, nikafunga.

Mdogo wangu anasema nilishinda. Baba Glory anasema nimewapa watu milioni moja na laki tatu na ushee kwa kosa la kuwa na hela. Nikikaa na huyu namuona ana haki, nikikaa na yule vilevile. Na mpaka leo sijui ni kipi kilichowalegeza, ile nakala ya Benki Kuu, au swali la mzee, au labda meneja alikuwa anataka tu vitabu vyake vya Desemba vikae vizuri na mimi ndio nilitokea na bahasha. Kwa mdogo wangu ile nusu imeandikwa, haibadiliki akiwa meneja ana furaha au ana njaa. Yangu ilitegemea kwamba siku ile kulikuwa na mwalimu mstaafu kwenye benchi, na nikimfikiria aliyekuja kesho yake akakuta benchi tupu, sijui.

Kadi ilitoka karibu na Pasaka, TRA tukaondoa jina lao. GPS hakuna aliyeiulizia, fundi umeme wa Unga Ltd akaing'oa, nikaitupia kwenye droo.

Muda umepita, siku moja kijana akapiga, mgeni, sauti ya kwenye mafunzo. Mama kifaa chetu hakisomi, tunaomba ulete gari ofisini tukague. Nikamwambia baba hilo gari deni liliisha zamani. Akasema kwenye mfumo bado ananiona ni mteja. Nikamwambia basi andika barua, na nakala weka Benki Kuu. Kimya kidogo, nasikia anabonyeza kitu. Halafu akasema ah, nimekuona sasa mama, ulimaliza kabla ya muda, wateja kama nyinyi tunawapenda sana, hivi ungehitaji mkopo mwingine? Kuna punguzo.