Siku grafu zetu ziliposhuka

Grafu za kwanza za utafiti wetu wa uzamili, kuhusu mitandao isiyotumia waya, zilikuwa nzuri kiasi cha kutia shaka. Pakiti, yaani vifurushi vya data, zilifika karibu zote, lakini ukiisogeza nodi (kifaa chenye redio) kidogo tu kupita mpaka fulani, haikufika hata moja. Tulitumia ns-2, programu ya kuigiza mitandao kwenye kompyuta, kabla mrithi wake ns-3 hajatoka mwaka 2008, tena kwa mipangilio yake ya kawaida: ndani ya mita 250 pakiti inapokelewa, hadi mita 550 redio inatambua tu kwamba kuna anayerusha, zaidi ya hapo, kimya. Mawimbi halisi hayana ukuta wa namna hiyo.

Profesa aliyetusimamia aliitazama grafu, akauliza, "Kelele iko wapi humu?" Alimaanisha nguvu isiyotakiwa inayochanganyika na ishara kwenye redio.

Mwenzangu akamjibu kuwa kuna kizingiti cha desibeli 10, yaani ishara iizidi nyingine nguvu mara kumi.

"Sikuuliza kizingiti."

Tukaingia kwenye msimbo. Pakiti mbili zikigongana, programu ililinganisha nguvu ya iliyotangulia na ya iliyoikuta njiani. Ya kwanza ikizidi kwa desibeli 10, inaokoka. Ikija ya tatu, nayo inalinganishwa peke yake. Ya nne vivyo hivyo. Hakuna mahali nguvu zilipojumlishwa. Ni kama kumwuliza mpagazi kama ataliweza gunia hili, kisha lile, kila moja kivyake, halafu ukaandika kwamba ameyabeba yote.

Chukua ishara inayofika kwa −80 dBm (desibeli zinazohesabiwa kutoka miliwati moja) na waingiliaji wawili, yaani redio nyingine zinazoivuruga, kila mmoja −91. Kila mmoja yuko chini kwa desibeli 11, kwa hiyo pakiti inapita. Wakirusha kwa wakati mmoja, jumla yao ni −88, pengo linabaki desibeli 8, na kwa kanuni ileile pakiti ilipaswa kupotea. Kujumlisha si kazi: unageuza desibeli kuwa miliwati, unajumlisha, kisha unaongeza kelele ya mpokezi. Kwa mkondo wa megahezi 20, joto pekee hutoa takriban −101 dBm, bado hujahesabu kelele ya saketi za redio yenyewe.

Kilichotukesha ni muda. Mwingiliaji hasubiri pakiti ianze ndipo naye aanze. Anaingia katikati, anatoka kabla haijaisha. Ikabidi tuikate pakiti kila mahali hali inapobadilika. Kila kipande kikapewa uwiano wake wa ishara kwa kelele na mwingiliano, na kutoka kwenye uwiano huo tukapata uwezekano wa biti kuharibika kulingana na aina ya moduli, yaani namna biti zinavyopakiwa kwenye mawimbi. Uwezekano wa vipande kuokoka unazidishwa wote, kisha programu inapiga bahati nasibu kuamua kama pakiti imefika. (Hesabu hiyo inadhani biti huharibika kila moja kivyake, jambo ambalo si kweli kabisa, ila ni afadhali kuliko ukuta.)

Ili tusijidanganye, tuliunganisha kadi mbili za redio kwa kebo, tukapachika vipunguza-nguvu katikati, tukawa tunaidhoofisha ishara kidogo kidogo. Hewani usingejua nini kimeharibu nini. Kwenye kebo, mafanikio yalishuka kwa mteremko uliochukua desibeli kadhaa, na pakiti ndefu zilianza kupotea mapema kuliko fupi. Umbo hilohilo ndilo msimbo mpya ulilotoa.

Urefu huo wa pakiti ndio uliopindua sura yetu ya matokeo. Biti moja ikiharibika katika kila 10,000, ujumbe wa salamu, ambao nodi hutuma kujitambulisha kwa majirani, wa baiti 50 unafika mara 96 katika 100. Pakiti ya data ya baiti 1,000 haifikishi hata nusu. Sasa, itifaki ya kutafuta njia kama AODV huchagua njia kwa kuhesabu miruko kutoka nodi hadi nodi, na njia yenye miruko michache ndiyo yenye viungo virefu na dhaifu. Jirani wa mbali anasalimia vizuri, anaandikwa kwenye jedwali, anapewa data, data inapotea. Chini ya ukuta wa zamani, itifaki hiyo iliongoza kwenye grafu zetu zote. Baada ya mabadiliko ilipitwa na ile iliyopima ubora wa viungo, na sehemu kubwa ya maandishi tuliyokwisha kuandika ikafutwa. Mwenzangu alinung'unika. Mimi, kusema kweli, nilifurahi: kwa mara ya kwanza mistari kwenye karatasi ilifanana na mitandao niliyowahi kuitumia.

Tatizo lililobaki ni kasi. Kufuatilia kila mwingiliaji, hata aliye mbali mno, kulifanya majaribio ya dakika yageuke ya usiku kucha, hivyo tulilazimika kukubaliana ni ishara dhaifu kiasi gani zipuuzwe. Mwenzangu alitaka zikatwe kwenye kiwango cha kelele. Nilikataa, kwa kuwa kumi zenye nguvu sawa na kelele zinaizidi kwa desibeli 10 zikijumlishwa. Tulishusha mpaka huo, tukauandika wazi kwenye jedwali la vigezo, na Profesa akatia sahihi.