Jinsi nilivyopata kupinda noti kwenye harmonika ya bluzi
Jamani imekubali! Nina harmonika (kinanda cha mdomo) ya matundu 10, kii ya C, na kila nikivuta hewa tundu la 2 ili noti ipinde, yaani sauti yake ishuke ilie kibluzi, inakoroma tu au inakata kabisa. Nikavuta kwa nguvu, wapi, nikabadilisha harmonika, yaleyale. Kilichosaidia: weka harmonika pembeni, piga mluzi kwa kuvuta hewa ndani, shusha sauti taratibu, utasikia ulimi unarudi nyuma wenyewe, basi mwendo ndo huohuo. Anza na tundu la 4, vuta kidogo mno, toka "iii" nenda "ooo", noti yake, D, inateremka nusu toni. Ila bana pua kwa vidole kwanza!! Hewa yangu yote ilikuwa inapitia huko. Tundu la 2 baadaye, hilo linashuka G mpaka F.