Tairi linalojua kutema tope
Mara ya kwanza kukwama kwenye udongo wa mfinyanzi, nililaumu gari. Nilikanyaga mafuta, magurudumu yakazunguka palepale, gari likateleza kiubavu hadi mtaroni. Niliposhuka nikachuchumaa, nikaona: mifereji ya tairi ilikuwa imejaa udongo hadi juu, tairi zima laini kama chungu kibichi. Meno yalikuwepo, tena mapya, ila yamezikwa.

Tangu siku ile nikikagua tairi naanza na mapengo, ndipo niangalie meno. Tairi la tope huachiwa mapengo mapana ili gurudumu likizunguka tope lirushwe nje, na jino linapogusa tena ardhi liwe safi. Tairi lisilojua kutema tope halikufikishi mbali, hata likiwa na meno marefu namna gani.

Basi nikafunga matairi ya tope, nikayapenda sana, mpaka mvua iliponikuta kwenye lami. Nilishika breki mapema, gari likazidi kwenda. Niliogopa kweli. Mapengo yaleyale yaliyonivusha topeni yalikuwa yamepunguza mpira unaogusa barabara. Lami yenye maji inataka mpira mwingi, mifereji ya kupitisha maji, na vichanjo vyembamba kama vya wembe juu ya meno. Kila kichanjo ni ukingo mmoja zaidi wa kushikia. Theluji nayo inataka vichanjo hivyo, pamoja na mpira usiokakamaa kwenye baridi. Kwa theluji, tafuta ubavuni mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake: tairi hilo limepimwa likafaulu. Herufi M+S, yaani tope na theluji kwa Kiingereza, peke yake hazikuhakikishii hivyo.

Sasa natumia matairi ya kati, yale ya A/T, yaani ya ardhi za kila aina, maana sehemu kubwa ya safari zangu ni lami. Nikifika kwenye tope au mchanga nashusha upepo kutoka psi 32 hadi 22 hivi, tairi linalala na kukanyaga eneo refu zaidi. Nikirudi kwenye lami najaza kwanza, hata kama nimechelewa na nimechafuka, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa hupata joto ubavuni hadi likapasuka. Pampu yangu ndogo na kipimo cha upepo havitoki kwenye buti.