Kahawa, presha na mashimo 18: ninavyojipanga siku ya mashindano ya gofu

Wachezaji wengi wa ridhaa hunywa kahawa yao nzito, au kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu, dakika chache kabla ya mkwaju wa kwanza. Huo ndio wakati ambao mwili hauhitaji kuchangamshwa hata kidogo. Pale kwenye tii ya kwanza, yaani sehemu ya kuanzia, jina limeshaitwa, watu wanatazama, adrenalini imepanda yenyewe na vidole vimeanza kuibana fimbo. Kafeini inapanda juu ya hiyo hiyo. Ukifika shimo la 14, miguu imeshatembea kilomita sita au saba, jua linachoma, na akili ndiyo kwanza inaomba msaada.

Kwa hiyo mimi nagawa dozi mara mbili, zote ndogo, ya pili ikiwa kwa ajili ya mashimo ya mwisho. Na kadiri mashindano yanavyokuwa makubwa ndivyo ninavyopunguza ile ya kwanza.

Vipimo kwanza, maana neno "kikombe" halisemi kitu. Kijiko kimoja cha chai cha kahawa ya papo hapo kina kafeini miligramu 60 hadi 80. Chai ya rangi, kikombe cha kawaida, 40 hadi 50. Kinywaji cha nguvu cha mililita 250 huwa na takriban 80, na kopo kubwa la mililita 500 huwa na takriban 160. Kahawa chungu ya pwani naipenda sana, lakini kila mpishi ana mkono wake, hivyo siku ya mashindano naiacha hadi kadi za alama zisainiwe mwisho wa raundi. Kwa mtu mzima mwenye afya, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya inaona miligramu 200 kwa mara moja na 400 kwa siku hazina tatizo. Mwenye shinikizo la damu au moyo unaoruka mapigo aanze kwa daktari wake.

Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la wachezaji 12 wenye handikapu (kipimo cha uwezo, ndogo ndiyo bora) kati ya 3 na 10, waliocheza mashindano ya siku mbili. Raundi moja walitumia kirutubisho chenye miligramu 155 za kafeini kabla ya kuanza na tena baada ya shimo la 9. Raundi nyingine walipewa kisicho na kafeini. Wakiwa na kafeini wastani ukawa mikwaju 76.9 dhidi ya 79.4, na kwenye gofu michache ndiyo bora; grini (eneo la nyasi fupi lenye shimo) walizozifikia kwa idadi ya mikwaju inayotakiwa zikawa 8.6 dhidi ya 6.9. Watu 12 ni wachache, lakini mgawanyo ule wa mwanzo na katikati unaendana na jinsi raundi inavyokwenda. Kiwango chao tu ndicho ninachokipunguza.

Tuseme ninaanza saa mbili kamili asubuhi. Saa kumi na mbili na nusu napata kifungua kinywa na kikombe kimoja cha kahawa, takriban miligramu 70. Kafeini hufika kileleni kwenye damu baada ya dakika 30 hadi 60, na chakula huichelewesha kidogo, kwa hiyo inatulia wakati napasha misuli moto. Raundi inayochukua muda wa saa nne na nusu ni dakika 15 kwa kila shimo. Dozi ya pili nainywa kwenye shimo la 8, karibu saa nne kasorobo. Inashika kuanzia shimo la 11 na kunifikisha la 18. Nabeba kahawa baridi kwenye chupa ndogo, niliyoipima nyumbani. Ukisubiri kibanda cha katikati ya uwanja utakuta foleni, na utakachopewa hukijui kipimo chake.

Fainali ya klabu, au mchezo wa mtu kwa mtu, kahawa ya asubuhi inageuka chai ya rangi. Ya shimo la 8 inabaki vilevile. Kitu nisichofanya ni kuacha kabisa siku hiyo: mnywaji wa kila siku akikatisha, kichwa huanza kuuma kati ya saa 12 na 24 baadaye.

Madhara hayaonekani sawa kwenye kila mkwaju. Kwenye draiva, fimbo ya kupiga mbali, mwili uliochangamka hupiga mbali zaidi. Tatizo liko kwenye pati, ule mkwaju wa kusukuma mpira shimoni, ya mita moja na nusu. Mkono ukitetemeka, mtetemo unaonekana zaidi unapojaribu kuutuliza: tazama kichwa cha pata, fimbo ya kupigia pati, kimesimama nyuma ya mpira, utaona ukingo wake unachezacheza na nyasi zilizoko chini yake zinatikisika. Mchezaji anaona hivyo, anaibana fimbo, viganja vinakaza, na mpira unasukumwa kulia. Dawa yake ni kutoukaza mkono. Kichwa cha pata nakiinua kidogo kisiguse nyasi, nasukuma mikono mbele kama upana wa kidole, na kutoka hapo hapo naanza kurudisha nyuma. Mkono haupati nafasi ya kusimama.

Kabla ya kwenda tii ya kwanza napima: nanyoosha mkono, naweka kadi ya alama juu ya vidole, na penseli juu ya kadi. Penseli ikibingirika, chupa ya shimo la 8 inapunguzwa nusu.

Adrenalini pia hubadilisha umbali. Aini 8, fimbo ya umbali wa kati, inayokupa mita 130 mazoezini inaweza kukupa 140 ukiwa unaongoza na moyo unadunda. Anayetoka Dar es Salaam kwenda kucheza Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, ana jambo la pili: hewa nyepesi huongeza asilimia 6 hadi 10. Vikikutana hivyo viwili, mpira unaangukia nyuma ya grini, na chipu (mkwaju mfupi wa kuinua mpira) ya kurudi kwenye mteremko ndiyo inayokula kadi. Nashuka fimbo moja, yaani nachukua ya umbali mfupi zaidi, kwa ajili ya mwinuko, na nyingine nashuka pale tu ninapohisi mapigo shingoni.

Pumzi navuta kwa hesabu ya 4 na kuitoa kwa hesabu ya 6, mara mbili, nikiwa natembea kuuelekea mpira. Ukianza kupumua hivyo ukiwa umeshasimama juu ya mpira unajipa muda wa kufikiria maji yaliyo kushoto. Kanuni zinashauri mkwaju upigwe ndani ya sekunde 40. Presha huwafanya wengine waharakishe na wengine wagande, kwa hiyo namwomba kedi, mbeba fimbo wangu, anihesabie kimya kimya na kuniambia muda wangu ukibadilika.

Kuhusu vichangamshi vingine lazima niseme waziwazi. Kafeini iliondolewa mwaka 2004 kwenye orodha ya marufuku ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zisizoruhusiwa michezoni, lakini miraa (mirungi) ina vichangamshi vya kathinoni na kathini, na vyote viwili vinazuiwa wakati wa mashindano, kathini ikizidi mikrogramu 5 kwa mililita ya mkojo. Muda wa mashindano huhesabiwa kuanzia saa tano na dakika 59 usiku wa kuamkia siku yenyewe, hivyo kutafuna jioni ya Ijumaa kunaweza kukuponza Jumamosi. Tanzania mirungi ni kosa la jinai hata bila gofu. Dawa za mafua zenye pseudoefedrini zina kikomo cha mikrogramu 150 kwa mililita ya mkojo. Na vidonge vya kutuliza mapigo ya moyo, vile vya jamii ya beta-bloka, vimepigwa marufuku kwenye mashindano ya gofu hasa kwa sababu vinatuliza mkono. Anayevihitaji kwa ugonjwa aombe kibali cha matibabu mapema. Mchezaji wa ridhaa anayeitwa timu ya taifa anaweza kupimwa kama wa kulipwa.

Mashindano ya siku mbili huharibikia usiku wa katikati. Nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya saa tano hivi, na kwa mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango muda huo unaweza kufika mara mbili. Ukiwa umepangiwa kuanza mchana siku ya kwanza, dozi ya shimo la 8 inaangukia saa kumi jioni, na saa nne usiku utakuwa macho kitandani ukirudia pati zote. Ratiba ikiwa hivyo, chupa ya shimo la 8 naijaza maji na chumvi kidogo, na nabeba ndizi mbili za kula shimo la 8 na la 13.