Nitaeleza mimi

Kwa misimu kadhaa kazi yangu ilikuwa ya kukaa. Nilikuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika huko Tandahimba, kusini mwa Tanzania, na korosho nilizijua kwa mizani, stakabadhi na vitabu. Mkulima analeta gunia, mpimaji anaita kilo, mimi naandika, namkatia stakabadhi yake, anakwenda kusubiri korosho ziuzwe mnadani kutoka ghala kuu na pesa yake iingie benki. Kuongea na watu ilikuwa kazi ya meneja, mtu wa sauti na mizaha, naye aliipenda. Mimi nilipenda dirisha langu la nondo.

Msimu wa 2017 bei ilikuwa nzuri. Mnadani kilo ilikaribia shilingi 4,000, na wazee walisema hawajawahi kuiona bei ya namna hiyo. Ungedhani kijiji kingetulia. Wapi! Bei ikiwa ndogo mkulima anawalaumu wanunuzi. Ikiwa kubwa anaanza kuuliza makato. Redio imetangaza hivi, benki imeingia pungufu, iliyobaki kala nani? Wenye kangomba, wale wanaozunguka na pesa taslimu kununua korosho majumbani kwa bei ya kutupa, waliichochea minong'ono hiyo kwa furaha. Mkulima asiyeliamini ghala ndiye mteja wao.

Mkutano wa kueleza malipo ukaitishwa uwanja wa shule. Asubuhi ya siku hiyo meneja akalazwa kwa malaria, na mwenyekiti akataka tuahirishe. Sijui nini kilinituma. Labda ni kwa vile hesabu zote niliziandika kwa mkono wangu na nilijua zimekaa sawa. Nikasema, "Mwenyekiti, nitaeleza mimi." Alinitazama kwa muda, kisha akanikabidhi karatasi bila neno.

Nikasalimia, wazee wakaitikia, nikaanza kusoma: bei ya mnada kwa kilo, ushuru wa chama cha msingi, ushuru wa chama kikuu, usafirishaji kwenda ghala kuu. Karatasi ilitetemeka mpaka nikaiweka mezani. Bibi mmoja aliyekaa chini mbele kabisa, miguu kainyoosha, akainua stakabadhi yake.

"Mwanangu, hayo ya kwa kilo, kwa kilo, tuachie. Mimi nilileta magunia matatu. Nieleze yangu."

Watu wakacheka. Nikamwomba ruhusa niisome stakabadhi hadharani, akasema soma, sina siri. Kilo 237, daraja la kwanza. Mwalimu akatuletea ubao na chaki. Nikazidisha, halafu nikashusha makato moja moja, kila moja nikitaja linakokwenda. Niliposhika chaki mkono ukatulia. Hesabu ilikuwa ileile ya kila siku, ila safari hii mwenyewe alikuwa mbele yangu akiifuata kwa macho. Nilipofika mstari wa mwisho, bibi akafungua pindo la kanga, akatoa karatasi ya benki na kumpa mjukuu wake aisome. Ikalingana mpaka shilingi ya mwisho.

Haikuishia hapo. Mzee mmoja akasimama kuuliza: mchango wa elimu unaokatwa kwenye kila kilo aliupitisha nani, na madarasa yako wapi? Swali zuri, na jibu lake halikuwa kwenye karatasi yangu.

"Mzee wangu, kukatwa umekatwa, na kiasi ni hiki hapa. Madarasa sijui. Hilo tumuulize diwani, nami naliandika kwenye muhtasari."

Nilitegemea kelele. Akakaa. Meneja wetu, pamoja na ufundi wake wote wa kuongea, sikuwahi kumsikia akimjibu mkulima "sijui", na nadhani ndiyo maana mizaha yake ilihitajika sana.

Jioni ile foleni ya dirishani ilikuwa ya watu wanaotaka kupigiwa hesabu kama ya bibi. Nilikesha. Meneja alipopona aliniachia mikutano ya makato moja kwa moja, tena bila kinyongo. Nilipokuja kuomba umeneja kwenye chama cha jirani, bodi iligusia vitabu kidogo tu, kisha ikaniuliza kwa nini wakulima wa kule bado wanauza kangomba. Tulikaa kwenye swali hilo karibu asubuhi nzima, na mwongeaji mkubwa nilikuwa mimi.