Kambale Walivyonionyesha Nani Aliyewaua Perege Wangu

Bwawa langu la samaki hupata maji kutoka kijito kinachoingia Mto Kikuletwa, ule unaokwenda kujaza bwawa la Nyumba ya Mungu, na kwa miaka kadhaa nilijigamba kwamba hapakuwa na perege wanene kuliko wangu. Alfajiri moja niliwakuta wakielea matumbo juu, ilhali kambale wachache waliochanganyika nao waliogelea kana kwamba hakuna msiba.

"Mwalimu, umemwagiwa sumu," jirani aliniambia, nami nikaamini, kwa kuwa tayari nilikuwa na mtu wa kumshuku. Muuza pembejeo naye alinishauri nitie mrututu, ile chumvi ya shaba ya rangi ya buluu, ili kuondoa mwani uliofanya maji kuwa kijani kizito. Mimi niliyefundisha sayansi hadi kustaafu nikalipa bila kuuliza swali. Siku ya pili maji yaling'aa, nikawaita majirani waje kushuhudia. Siku ya tatu karibu perege wote waliosalia walikufa, kwa sababu mwani uliokufa kwa mkupuo ulianza kuoza, na bakteria wanaouozesha wakamaliza oksijeni ya majini.

Hapo ndipo nilipowafikiria kambale. Wao huweza kuvuta hewa juu ya maji, na sumu isingewabagua. Nikaanza kukagua kijito saa kumi na moja alfajiri, wakati mwani umekesha ukitumia oksijeni bila jua la kuuwezesha kutoa nyingine, nikaona vidagaa wakitweta kuanzia kwenye mashamba ya nyanya kwenda chini. Kisha nikafunga sahani nyeupe kwenye kamba yenye mafundo ya kila shubiri. Upande wa juu wa mashamba niliiona hadi ilipogusa mchanga. Chini yake ilipotelea katika ukijani kabla ya fundo la pili. Gharama yote ilikuwa sahani ya mke wangu, pamoja na maneno yake.

Shamba la kwanza ukingoni, kwa bahati mbaya, ni langu. Nilikuwa nikimwaga mbolea ya urea, ambayo asilimia 46 yake ni naitrojeni, yote kwa wakati mmoja, tena mawingu yakiwa yametanda, na mvua ikaisomba hadi kijitoni kuustawisha mwani. Sasa naigawa mara tatu na kuifukia, na ukingoni nimeacha matete yaote. Majirani hawakujali nilipowatajia sheria ya mazingira ya mwaka 2004 na mita zake 60 za kulinda kingo za mito. Walijali nilipowahesabia mifuko ya mbolea wanayoinunulia mto. Msimu uliopita sahani, ambayo haikuruhusiwa kurudi jikoni, ilionekana hadi fundo la nne.