Teki za Queen nilizonazo, na ile ambayo haipo

Kaseti yenyewe aliileta mjomba kutoka Maskati, mi nilikuwa bado nasoma msingi, siyo kaseti ya dukani, ni ya kurekodiwa, juu ameandika kwa peni QUEEN basi, ile bendi ya roki ya Uingereza. Humo kulikuwa na I Want to Break Free ile inayoanza na kinanda, kinapanda taratibu, kinakuzungusha kwanza ndo wimbo wenyewe unaingia. Mi nikaujua hivyo. Miaka mingi baadae niko Dar, rafiki akanipa albamu nzima ya The Works ya 1984, nikauweka wimbo na ukaanza ghafla tu, kile kinanda cha mwanzo hakipo! Nikafikiri sidii mbovu, nikarudisha nyuma mara mbili mara tatu, wapi. Kumbe kuna wimbo wa albamu na kuna ule waliotoa peke yake kama singo, na wa singo ni mrefu zaidi kwa karibu dakika nzima. Nimekua na wimbo mmoja, wenzangu wamekua na mwingine, na sote tunauita jina moja.

Hapo ndo nilianza. Mpaka leo sijaacha.

Nieleze kidogo manake watu huwa wananichanganya. Teki ni kila mara bendi inapopiga wimbo mbele ya maiki, wanapiga, hawajaridhika, wanapiga tena, hizo ni teki mbili. Miksi ni kitu kingine, kanda ni ile ile, sauti ni zile zile, ila mtu kakaa kwenye mitambo upya, gitaa kalirudisha nyuma, besi kaipandisha, labda kakata kipande. Kwa hiyo unaweza kuwa na teki moja yenye miksi tano. Zote mi nazitaka, ila moyo wangu uko kwenye teki.

Sikio la kutofautisha nimelipata kwa bibi yangu, kwa kweli kabisa. Nyumbani kwetu Unguja redio ilikuwa haizimwi na taarabu ndo taarabu, wimbo ukianza tu bibi anasema hii siyo ile ya siku zote, hii ya ukumbini, sikia udi huo unavyosubiri. Na kweli. Sasa mtu aliyelelewa hivyo ukimwambia ule wimbo wa Queen, Keep Yourself Alive, upo mwingine, atalala kweli?

Na zipo nyingi. Mwishoni mwa 1971 studio ya De Lane Lea ilikuwa imehamia jengo jipya kule Wembley, wakawa wanataka bendi ya kupiga kelele wajaribu vyombo vyao, Queen wakakubali na malipo yao yakawa kurekodiwa demo, yaani nyimbo za kujaribia kabla ya albamu. Zikatoka nyimbo tano: Keep Yourself Alive, The Night Comes Down, Great King Rat, Jesus na Liar. John Deacon, mpiga besi, ndo kwanza kaingia kwenye bendi mwaka huo huo. Ile Keep Yourself Alive ya De Lane Lea inaanza na gitaa kavu, halafu inakuja kama vijana wanaokimbilia boti ya mwisho. Ile ya albamu yao ya kwanza, iliyotoka Julai 1973, ni safi zaidi ila kuna kitu kimepungua, na mpiga gitaa wao Brian May mwenyewe amesema zaidi ya mara moja kwamba ya demo anaipenda kuliko ile ya albamu, kwa hiyo sisemi peke yangu. Albamu ile waliirekodi studio ya Trident kwa saa za mabaki, wenye hela wakishamaliza ndo wao wanaingia, na dramu zikawekwa kwenye kijichumba zikasikika zimekauka kama unagonga kadibodi. The Night Comes Down walijaribu kuirudia hapo Trident haikuwaridhisha, wakachukua ile ile ya demo wakaiweka kwenye albamu! Yaani miaka yote hii watu wanasikiliza demo na hawajui.

Halafu kuna Keep Yourself Alive ya tatu ya 1975, waliirudia kwa ajili ya soko la Marekani ikawekwa kabatini mpaka 1991. Na 2024 wakatoa boksi la Queen I, yaani mkusanyiko wa sidii na santuri, albamu ile ya kwanza imemiksiwa upya yote, dramu zimepata pumzi, na Mad the Swine imerudishwa mahali pake, wimbo ulioachwa nje 1973 kwa sababu ya ubishi wa sauti ya dramu ukaja kutoka 1991 nyuma ya singo ya Headlong. Niliusikiliza ukiwa katikati ya albamu pale unapostahili kukaa, usiku, taa zimezimwa, na nilifurahi sana.

Sisi wa Unguja jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, tunalijua kabla ya nyimbo. Farrokh Bulsara, kazaliwa Mji Mkongwe 5 Septemba 1946, na pale Shangani kila siku watu wanapiga picha mlangoni. Sina neno na picha. Ila mlango haukwambii jamaa alikuwa anafanyaje kazi, na mi hicho ndo ninachokitaka. Kwenye teki unamsikia anajaribu neno kwa chini, anarudia kwa juu, anaacha, siku nyingine kabadilisha kabisa. All Dead, All Dead ya 1977 kautunga Brian na kwenye albamu anaimba Brian, basi kwenye boksi la miaka 40 la albamu hiyo, News of the World, lililotoka 2017 yupo Freddie anauimba yeye. Wimbo ule ule wa msiba, koo lingine. Sikuweza kusikiliza kitu kingine wiki nzima.

Session za BBC, yaani nyimbo walizopiga kwa ajili ya redio, nazo usizidharau. Tarehe 28 Oktoba 1977, siku ile ile News of the World inatoka, wakaingia studio za Maida Vale wakapiga Spread Your Wings na mwishoni, badala ya kuisha kwa upole kama kwenye albamu, wanaikimbiza, yaani wimbo unageuka mwingine kabisa. Siku hiyo hiyo kuna We Will Rock You ya polepole halafu ya haraka, na katikati yake inasikika sauti ya mwanamke anasoma maneno ya kipindi cha redio. Mara ya kwanza nilidhani simu yangu imefungua kitu kingine.

Ninayoithamini zaidi ila sina nzuri ni Cool Cat yenye sauti ya David Bowie, mwimbaji mwingine wa Uingereza. Mwaka 1981 huko Montreux, Uswisi, ndo walipofanya naye Under Pressure, akaweka na sauti ya nyuma kwenye Cool Cat pia, albamu ya Hot Space inakaribia kutoka 1982 akaomba atolewe, wakamtoa. Ilibaki kwenye santuri chache za majaribio. Kopi yangu imepita mikono mingi mpaka imechoka, inakwaruza, ila Bowie anasikika.

Na hapa niwaonye wenzangu. Kuna muuzaji mmoja mtandaoni alinichukulia hela ya mshahara nusu kwa "miksi adimu", ikafika, nikaisikiliza mara moja nikajua, ni wimbo wa kawaida kauongezea kasi kidogo na besi. Siku hizi silipi kabla sijasikia kipande. Naweka wimbo ninaoujua na huo unaouzwa kwenye kompyuta nazianzisha pamoja, kama pumzi ya mwimbaji inaangukia pale pale kila mstari basi ni teki ile ile, hakuna binadamu anayevuta pumzi mara mbili sawasawa.

Kuna moja niliitafuta muda mrefu sana. Mother Love, ya 1991, Freddie yuko hoi Montreux, anataka kurekodi kila neno analopewa wakati bado ana nguvu. Akaimba beti za mwanzo, kipande cha katikati akakipandisha juu mahali ambapo mgonjwa hafiki, halafu akasema amechoka, anapumzika, atarudi kumalizia. Kwenye albamu ya Made in Heaven ya 1995 ubeti wa mwisho anaimba Brian. Mi nilijiambia lazima ipo mahali, hata ya kunong'ona, hata mstari mmoja, nikauliza watu wanaojua kuliko mimi, nikafungua kila mkusanyiko uliotoka. Hakurudi studio. Nikiusikiliza sasa, Brian akianza tu, huwa napunguza sauti kidogo.